LETA NA KOMPANI WAMETIA SAHIHI: SISI TUKO WAPI?



Tunataka kusema juu ya mikataba miwili. Wa kwanza ni ule Leta na kompani wanaandikiana: kompani inajenga na kuendesha kazi, Leta inalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Wa pili ni mapatano ya pamoja, ambayo sindika na wakubwa wa kazi wanaandikiana juu ya mushahara, saa za kazi na mapumziko. Wa kwanza unafungwa ndani ya sanduku la chuma. Wa pili unabandikwa ukutani, na mvua inaulowesha.

Tuangalie Ufaransa, maana sheria zetu nyingi zimefuata njia ya Wabelgiji na Wafaransa, na tangu tarehe 9 Julai 2018 sisi pia tuna sheria ya ubia kati ya Leta na kompani.

Wafaransa walipata sheria yao ya kwanza ya mapatano ya pamoja tarehe 25 Machi 1919, lakini ilikuwa zaifu. Nguvu ilikuja mwaka 1936. Watu wa kazi waligoma na kukaa ndani ya viwanda, na tarehe 7 Juni wakubwa wakatia sahihi kule Paris, katika nyumba ya Matignon: mishahara ikapanda 7 mpaka 15 kwa mia. Sheria ya tarehe 24 Juni ikaongeza jambo kubwa: Waziri wa Kazi akapata ruhusa ya kueneza mapatano kwa kompani zote za kazi ile ile, hata ile isiyotia sahihi. Hivi kompani mbaya haiwezi kushinda kompani nzuri kwa kulipa watu kidogo. Sisi tukumbuke kwamba miaka mitano baadaye, Disemba 1941, watu wa mugodi walipogoma Elisabethville, jibu lilikuwa bunduki.

Sasa mukataba wa Leta na kompani. Ufaransa iliuweka katika sheria tarehe 17 Juni 2004. Lakini mwaka mumoja mbele, tarehe 26 Juni 2003, Baraza la Katiba lilikuwa limekwisha kuonya: usifanywe kuwa desturi. Lazima kuwe na sababu, kama haraka ya kweli au ugumu wa kazi yenyewe, kusudi mali ya watu wote na feza yao vilindwe.

Onyo lile lilikuwa na maana. Tarehe 20 Oktoba 2011 Leta ya Ufaransa ilitia sahihi na kompani Ecomouv, ili ikusanye kodi ya malori makubwa. Mwaka 2013 watu wa Bretagne walikataa kodi ile kwa nguvu. Tarehe 30 Oktoba 2014 Leta ikavunja mukataba. Nani alilipa? Mwaka 2017 wakaguzi wa hesabu za Leta walihesabu fidia kwa kompani na wenzake: milioni 958 za euro. Na watu waliofanya kazi kule Metz? Kazi yao ikafa. Kompani ilikuwa na kifungu cha kuilinda. Mufanyakazi hakukaa mezani siku ile kifungu kilipoandikwa.

Hatusemi kwamba sheria yao ni mbaya yote. Kazi ikihamia kwa bwana mupya, mikataba ya watu inaendelea. Mapatano ya pamoja ya zamani nayo yanaweza kuishi miezi 15 wakati mapya yanatafutwa. Lakini tangu maagizo ya tarehe 22 Septemba 2017, kwa mambo mengi mapatano ya kompani moja yanapita mapatano ya kazi nzima. Mushahara wa chini wa kila daraja ungali unalindwa na yale ya kazi nzima. Mambo mengine mengi yanategemea nguvu ya sindika katika kila kompani. Penye sindika zaifu, mutu wa kazi anabaki peke yake.

Basi sisi tunaomba nini?

Moja: mikataba itoke nje pamoja na nyongeza zake zote. Agizo la tarehe 20 Mei 2011 limekwisha kuamuru hivyo kwa mali ya udongo wetu.

Mbili: kompani ikibadilika, mutu abaki na kazi yake na miaka yake ya utumishi, na jambo hilo liandikwe ndani ya mukataba wa Leta wenyewe.

Tatu: mapatano ya pamoja yawashike pia watu wa kompani ndogo zinazokodisha mikono. Wanashuka katika shimo lile lile na kumeza vumbi lile lile.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu, ombeni delege wenu awasomee mapatano yenu kifungu kwa kifungu, kwa luga munayosikia. Na asiyejua kusoma aulize bila haya. Uhuru wa inchi haujafika mezani ikiwa mwenye jasho anasikia habari ya mukataba wake kwa mutu wa tatu.