Kinywa cha Bombani, Wembe wa Ngariba

"Maneno makali hayavunji mfupa." Huku Nyamongo, wilayani Tarime, methali hii imegeuka kichaka cha kujifichia. Desemba ikikaribia, shule zikifungwa na ngoma za tohara zikianza, binti aliyekataa kukeketwa hupanga ndoo yake bombani akaitwa "omosagane", yaani asiyekeketwa, mbele ya wadogo zake. Akinuna, huambiwa utani tu huo, ajikaze.

Ajikaze vipi? Mfupa hauvunjiki, sawa, lakini ubongo haukuumbwa kwa mfupa. Tusi likishaingia sikioni hugeuka umeme na kemikali zinazopokezanwa seli kwa seli. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga kotisoli, moyo hudunda, tumbo hukaza. Likirudiwa kutwa kucha, mwili hukosa kutulia. Usingizi hupaa, na darasani akili haikai.

Mwaka 1997, Fabrizio Benedetti na wenzake wa Italia walichapisha utafiti wa wagonjwa waliotoka kupasuliwa. Walidungwa sindano ya maji ya chumvi, wakaambiwa itazidisha maumivu. Yakazidi. Waliopewa pia dawa ya kuzuia kemikali ya mwilini iitwayo kolesistokinini hawakupata ongezeko hilo. Kama maneno ni upepo mtupu, dawa ile ilizuia nini?

Nyamongo hatuhitaji maabara kulielewa hili. Anayelalamikia nyufa za nyumba baruti zinapolipuliwa mgodini hadai kwamba jiwe limegonga ukuta wake. Mtikisiko unamtosha. Iweje ukuta uaminiwe, binti aambiwe anadeka?

Tangu 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Ngariba anasakwa, na kituo cha Masanga kinawapokea wanaokimbia. Lakini wapo wanaochoshwa na kejeli wakajipeleka wenyewe, kisha wazee wa mila wanatamba: "Ameridhia." Ridhaa gani hiyo, iliyokamuliwa kwa matusi tangu utotoni?

Kwa hiyo tuache kumtupia ngariba mzigo wote. Shangazi anayecheka, kijana anayeapa hataoa asiyekeketwa, mwalimu anayesikia akapita kimya, wote wamemshika binti miguu kabla wembe haujafika. Anayetaka ukeketaji ukome Tarime na Serengeti aanze kwa kulikemea tusi hilo pale pale bombani, mbele ya wale wale waliolicheka.