Waifai Isipoonekana
Anayeweka Linux kwenye kompyuta ya nyumbani kwa mara ya kwanza hulaumu mfumo mzima pale waifai isipoonekana, na mara nyingi lawama hiyo haina msingi. Kadi nyingi za waifai haziamki mpaka mfumo uzipakie faili dogo la mtengenezaji, fimuwea, ambalo msimbo wake haukuwekwa wazi. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwa msimamo wake wa programu huria, iliyaacha mafaili hayo nje ya diski yake rasmi ya usakinishaji kwa miaka mingi. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura kubadili utaratibu, na toleo la 12, la Juni 2023, likaja na mafaili hayo. Walichelewa: ni uhuru gani huo wa mtu asiyeweza hata kufika mtandaoni kupakua kinachokosekana? Mwenye toleo la zamani aunganishe simu kwa waya wa USB, agawe intaneti yake, kisha aendeshe amri ya dmesg kwa mamlaka ya msimamizi na kutafuta mistari inayotaja fimuwea. Jina la faili linalotakiwa kwa kawaida limeandikwa pale pale. (Watu hawasomi. Hupiga picha skrini na kuuliza, "Imekataa, nifanyeje?") Diski ya kompyuta isipoonekana wakati wa kusakinisha ni kisa kingine: angalia kwenye BIOS kama imewekwa RAID badala ya AHCI, ila usibadilishe kabla ya kuiandaa Windows iliyomo, la sivyo inaweza kugoma kuwaka. Na kabla ya kusakinisha, picha za harusi zihifadhiwe kwenye flashi nyingine, si ile ya kusakinishia, maana hiyo hufutwa yote inapoandaliwa.