Kamanyola: Benki ilifunga dirisha, nani atalipa adhabu za kuchelewa?

Nyanya, mpunga na mihogo ya bonde la Ruzizi hupita Kamanyola kabla ya kupanda Ngomo kuelekea Bukavu au kushuka Uvira. Wanaoishi kwa biashara hiyo, wengi wao wamama, huanza na mkopo wa KOOPEK, wa shirika la mikopo midogo au wa AVEC ya jirani. Katikati ya Februari 2025 M23 iliingia Bukavu, kisha ikashuka Kamanyola, na benki zikafunga milango. Akiba za watu zilibaki ndani. Madeni nayo yalibaki, ila hayakulala: mkataba unaohesabu adhabu ya kuchelewa kila siku haujui kama barabara imekatwa.

Tuanze na anayebisha mlango. Kudai deni si kosa. Wakala anaweza kupiga simu, kuja nyumbani, kukumbusha. Hawezi kubeba cherehani au pikipiki kwa mkono wake. Chini ya sheria za OHADA, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 2012, kukamata mali kwa nguvu kunataka hati yenye nguvu ya utekelezaji, na mwenye kazi hiyo ni usifiye. Mtu mwenye silaha hana kazi katika deni la nyanya, awe wa upande gani.

Lakini Kivu kuna njia ya mkato tunayoijua sote. Mdai anapeleka deni polisi, deni linabadilishwa jina na kuitwa udanganyifu, na mdaiwa analala kasho mpaka ndugu zake wachange. Mapatano ya kimataifa ya haki za kiraia na kisiasa, ambayo Kongo iliyakubali mwaka 1976, yanakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema polisi hawawezi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48. Nani atahesabu saa hizo pale ambapo tribinali hazifanyi kazi? Ndiyo maana wengi wanakimbilia kusaini mapatano yoyote wanayoletewa.

Na mtego uko hapo. Tuseme mama alikuwa amebakiza dola 300 kabla ya vita kufika. Leo analetewa karatasi ya kukubali deni, imeandikwa dola 410, alipe kidogokidogo. Anaona amepata nafuu. Kumbe zile 110, ambazo angeweza kuzibishia, zimekuwa deni alilolikubali mwenyewe. OHADA ina njia ya haraka ya kumpatia mdai amri ya kulipa, na inataka deni lisilo na shaka, lenye kiasi kinachojulikana, lililofikia muda wake. Sahihi ya mama inampa mdai sehemu kubwa ya hayo.

Kwa hiyo kabla ya kalamu, aombe hesabu iliyoandikwa: mtaji uliobaki upande wake, riba upande wake, adhabu upande wake. Ajibu kwa barua, abaki na kopi, na ataje tarehe ofisi ilipofunga. Dekreti ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado ni msingi wa sheria yetu, inasema mdaiwa halipi fidia pale nguvu isiyozuilika ilipomzuia kutimiza wajibu wake. Majaji hawakubali kirahisi kwamba kukosa feza ni nguvu ya namna hiyo. Lakini aliyekuwa na dola zake mkononi akakuta dirisha limefungwa hakukosa feza, alikosa mahali pa kulipia. Kwa maoni yetu, adhabu za miezi ile ni mzigo wa aliyefunga ofisi. Mtaji ni jambo lingine: huo ulikopwa, na utalipwa.

Kuhusu muda, kuna kipimo kizuri. Kifungu cha 39 cha sheria ya OHADA ya kudai madeni kinamruhusu jaji kusogeza au kugawa malipo kwa kuangalia hali ya mdaiwa, lakini isizidi mwaka mmoja. Shirika likikubali miezi 18 bila adhabu, limetoa zaidi ya ambacho jaji angetoa.

AVEC si kesi hiyo. Feza zile ni za jirani, na jirani naye alikimbia. Hapo mkutano wa wanachama unaweza kufuta faini na kupanga tarehe upya kwa kuandika kwenye daftari mbele ya wote.

Katika mikopo ya kudhaminiana, kila mmoja wa kikundi asome mpango mpya kabla kiongozi hajasaini. Na feza zisiwekwe mkononi mwa wakala kwa sababu tu sura yake inajulikana toka zamani; huenda hayuko kazini tena. Aonyeshe barua ya shirika, atoe risiti yenye muhuri, namba ya mkopo na kiasi kilichobaki.