Aachwe atengeneze swingi yake

Mlingotini hakuna uwanja wa gofu. Lakini maji yakipwa, utamkuta mchezaji mmoja wa ridhaa yuko mchangani na fimbo yake, anajifunza swingi mpya. Jamaa wa kijiweni hawamuelewi. "Kaka, zamani ulikuwa unapiga mbali, sasa mpira unaenda pembeni. Unapoteza muda, nenda gofu ya kulipwa, kuna hela!"

Sisi tunasema aachwe. Tiger Woods alibeba Masters ya 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12, halafu akaibadilisha swingi hiyohiyo. Mwaka 1998 alishinda shindano moja tu la PGA Tour. Mwaka 2000 hadi 2001 akabeba mataji makubwa manne mfululizo.

Tumezoea haraka ya soka, kocha akifungwa mechi mbili tu, begi mlangoni. Gofu haiko hivyo. Ukihamia kulipwa, mashindano ya ridhaa unayaaga. Ukienda na swingi mbovu, huku huna na kule huna.

Klabu kama Lugalo na Gymkhana ziwape vijana wa namna hii kocha na muda wa uwanja. Hela itakuja baadaye.