Akiba haiozi, lakini nyanya zinaoza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi, nami siwapingi. Lakini mwezi uliopita, hapo mpakani Kobero, niliona kwa macho yangu akiba ya watu wengine ikiozesha nyanya zangu.

Gari lilifika kutoka upande wa Kabanga alfajiri. Nikamkabidhi wakala wangu wa forodha karatasi zote, nikitumaini kwamba saa nne asubuhi nitakuwa nimelipa ushuru na kuondoka. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Kila nilipouliza nilipewa jibu lile tunalolijua sote: "Mtandao uko chini, mzee." Hati zangu zilipita baada ya saa nane, matenga ya chini yakiwa yamekwisha kutoa maji.

Kumbe mtandao haukuwa chini. Kijana wa kompyuta aliyeitwa baadaye aligundua kwamba kila siku, saa tatu asubuhi, seva ya ofisi ile huanza kupeleka nakala za hati zote makao makuu Bujumbura. Aliyepanga saa hiyo alitaka awepo kazini aone kazi ikimalizika. Tufanye hesabu. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde, hata ikiwa tupu kabisa, hupitisha gigabaiti 20 kwa muda wa karibu saa nne na nusu. Muda wote huo hati zangu zilikuwa foleni. Hata kurasa zinazoingia hukwama, kwa kuwa kila kinachopokewa lazima kitumiwe jibu kwamba kimefika, na jibu hilo nalo husubiri foleni hiyo hiyo.

Je, ninataka nakala ziachwe? Hasha! Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini ndio tunaoijua thamani ya nakala kuliko wengine. Ni wangapi waliokimbia wakaacha karatasi za shamba, wakarudi wakakosa cha kumwonyesha anayelima hapo leo? Ofisi inayotunza hati zangu mahali pamoja tu itaniacha vivyo hivyo siku kompyuta yake itakapoungua au kuibwa. Nakala ziendelee, ila zipangiwe zamu na ziwekewe kikomo cha mwendo.

Kwanza, kazi nzito ifanywe usiku. Saa ya seva nayo ikaguliwe, maana Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na seva inayofuata saa ya Dar es Salaam haitaanza wala kumaliza kwa saa iliyokusudiwa hapa kwetu.

Pili, umeme ukikatika usiku na kazi ikasogea hadi mchana, isiachiwe njia nzima. Programu ya rsync, ambayo ni ya bure na inaweza kutuma sehemu zilizobadilika tu, ina kipimo kiitwacho bwlimit kwa ajili hiyo. Lakini mafundi wawe waangalifu: kampuni za intaneti huuza laini kwa biti, ilhali kipimo hiki huhesabu kwa kilobaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa laini ya megabiti 10, kuandika 300 ni kuipa nakala karibu robo ya njia. Anayeandika 2500 akidhani ndiyo robo, ameiachia yote.

Wapo watakaosema dawa ni kununua laini kubwa zaidi. Sikubali. Tangu nyaya za baharini zianze kuongezeka pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, laini zimekua, na mizigo ya hati na picha imekua pia. Seva isiyo na kikomo huimeza laini kubwa kama ilivyomeza ndogo. Tena, Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora katika nchi kadhaa za ukanda huu, na waliolipia laini kubwa walihangaika pamoja na sisi wadogo.

Mawakala wetu, kazi hii ni ya mchana mmoja na haigharimu kitu. Nanyi wafanyabiashara wenzangu, mkiambiwa tena kwamba mtandao uko chini, msikimbilie kukaa kivulini. Ulizeni kwanza: nakala zenu hutumwa saa ngapi?