Bomu la Profesa Mazrui
Na Mwana-Usangu, Chimala

Mwaka 1979 BBC ilimpa Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, Mihadhara ya Reith. Alizungumzia hali ya Afrika katika mihadhara sita, na wa mwisho ndio uliowashtua wengi. Msomi huyu, aliyewahi kufundisha Makerere, alitaka Afrika iukatae Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia na ijenge uwezo wake yenyewe wa nyuklia.

Mazrui hakuwa mpenda vita. Aliona kwamba wakubwa wanalala usingizi mnono kwa kuwa bomu liko mikononi mwao. Siku likifika mikononi mwa Waafrika, alisema, hofu itawaingia kiasi cha kukubali kuyateketeza yote, ya kwao yakiwemo.

Hasira iliyobeba hoja hiyo ilikuwa ya haki. Februari 13, 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, katika jangwa la Sahara, Algeria ikiwa bado koloni lake. Hadi mwaka 1966 ilikuwa imefanya milipuko 17 nchini humo. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani uliozaa bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Anayesimama leo kando ya barabara kuu ya TANZAM hapa Chimala huyaona malori yanayotoka Katanga hiyohiyo yakielekea bandari ya Dar es Salaam, mabamba ya shaba yamefungwa kwa mikanda ya chuma. Dereva hushuka, hununua mchele wa Mbarali, huondoka. Ni barabara ya kawaida kabisa, lakini kule malori hayo yanakotoka ndiko ulikochimbwa udongo ulioteketeza mji.

Mwalimu Nyerere alichagua njia nyingine. Mei 1984 aliungana na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Mexico na Andreas Papandreou wa Ugiriki kuyataka mataifa ya nyuklia yasitishe majaribio na utengenezaji wa silaha hizo. Januari 1985 walikutana Delhi. Indira alikuwa ameshauawa, na mwanawe Rajiv ndiye aliyewapokea.

Inasikitisha kwamba ukurasa huu wa Mwalimu hausomwi sana. Wazee wa Usangu watakusimulia vijiji vya ujamaa na shamba la mpunga la Mbarali hadi jua lizame. Habari za Delhi ni nadra kuzisikia.

Hata hivyo Mwalimu na Mazrui hawakuwa mbali kama inavyodhaniwa. Tanzania haikujiunga na mkataba ule alioukataa Mazrui hadi mwaka 1991, miaka sita baada ya Mwalimu kung'atuka. Mkataba wenyewe unayaruhusu mataifa matano kuwa na bomu na kuyakataza mengine yote.

Historia ilikuja kuipima dawa ya Mazrui. Afrika Kusini ya makaburu ilitengeneza mabomu sita kwa siri, na hakuna taifa kubwa lililoacha ya kwake kwa sababu hiyo. Machi 24, 1993 Rais F. W. de Klerk alilitangazia bunge kwamba yalikuwa yametengenezwa na yameshabomolewa. Mkataba wa Afrika isiyo na silaha za nyuklia, uliosainiwa Cairo Aprili 1996 na kuanza kutumika Julai 2009, ukapewa jina la Pelindaba, kituo cha nyuklia karibu na Pretoria. Safu hii iko upande wa Mwalimu, lakini haiwezi kumbeza Mazrui: wakubwa bado wanayo mabomu yao.

Na sasa jambo hili limebisha hodi kwetu. Mradi wa urani wa Mto Mkuju, Namtumbo mkoani Ruvuma, uko chini ya kampuni ya Mantra Tanzania, iliyo katika familia ya shirika la Rosatom la Urusi. Rosatom hujenga mitambo ya umeme, na pia ndilo lenye dhamana ya viwanda vya silaha za nyuklia vya nchi hiyo. Pelindaba haukatazi kuchimba urani wala kuzalisha umeme wake. Ndiyo maana wabunge, wa Nyanda za Juu wakiwa mstari wa mbele, wanapaswa kuuliza kabla uzalishaji mkubwa haujaanza: urani itauzwa kwa nani, itatumika kwa kazi gani, na nani kwa niaba ya Watanzania ataifuatilia ikishavuka bahari? Majibu yawekwe kwenye maandishi, na wananchi wa Namtumbo wayasome.