Mchanga wapanda Nairobi, majitaka yateremka Makueni

Mwalimu wa sayansi mjini Nunguni akitaka kuwafunza wanafunzi wake namna maji yanavyochujwa, hana haja ya maabara. Na awateremshe bondeni penye mto wa msimu, awaonyeshe akina mama wakifukua mchanga na kuteka maji maangavu. Mchanga huo ndio chujio la kale la Ukambani, na ndio msingi wa mabwawa ya mchanga yaliyotapakaa Machakos, Makueni na Kitui.

La kusikitisha ni kwamba mchanga uo huo umekuwa ukipakiwa malorini na kupelekwa Nairobi kujengea maghorofa, hata Kaunti ya Makueni ikalazimika kutunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Nairobi nayo huturudishia nini? Majitaka yake, ukiondoa yale yamwagwayo mtoni moja kwa moja, mengi hupelekwa Ruai. Huko hutulizwa katika mabwawa, kisha huachiliwa katika Mto Nairobi unaoingia Athi. Athi nao, kwa masafa marefu, ndio mpaka kati ya Makueni na Kitui. Ndio pia, pamoja na Mto Thwake, ulionuiwa kulijaza Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 na ambalo limekusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 688. Baadhi ya maji hayo ni ya kunywa.

Mabwawa ya Ruai hutegemea jua, vijidudu na utulivu wa maji. Vitu vizito huzama. Lakini nyuzi za nailoni na poliesta zitokazo katika nguo tunazofua, nyingine zisizoonekana kwa macho, si zote zizamazo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017, ambayo wengi wetu tuliishangilia, haikuligusa shati.

Je, chembe hizo zaweza kuchujwa? Zaweza. Watafiti wa Ufini walionyesha mwaka 2017 kwamba chujio la mchanga likiwekwa mwishoni mwa mtambo hunasa takriban asilimia 97 ya chembe zinazolifikia. Mtambo wa utando ulinasa asilimia 99.9, lakini utando ni ghali, huziba, na hudai umeme mchana na usiku. Hata hivyo chujio haliiangamizi plastiki, huikusanya tu. Tope lake likimwagwa shambani kuwa mbolea, mvua ya kwanza yaweza kuirudisha mtoni. Gharama ya kulihifadhi tope hilo haina budi kuhesabiwa tangu mwanzo.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba ushahidi wa madhara kwa binadamu ulikuwa bado haba, likahimiza utafiti zaidi. Sioni kwa nini watu wa Makueni wawe ndio wa kufanyiwa utafiti huo.

Wapo watakaosema kwamba maji ya Thwake yatasafishwa kabla ya kufika mferejini, basi yatosha. Sikubaliani nao. Ng'ombe hawanywi mferejini, na sukumawiki za kando ya Athi hunyweshwa kwa maji ya mto wenyewe. Isitoshe, kwa nini mkazi wa Wote alipie uchafu wa mkazi wa Nairobi, ambaye ankara yake ya maji tayari ina ada ya majitaka? Chujio na liwekwe Ruai, kwa ada hiyo. Kaunti iliyothubutu kuuwekea mchanga sheria ina kila haki ya kulidai.